Kofia, shanga na nauli: nini kimfuate mtoto wa Manyovu katika wodi ya saratani

Mtoto wa miaka minne anayetoka Manyovu, anapofikishwa katika wodi ya saratani jijini Mwanza au Dar es Salaam, hukutana na mambo mawili mageni kwa siku moja: sindano na lugha. Nyumbani amezoea Kiha, ambacho jirani wa ng'ambo ya mpaka, Mrundi, hukielewa bila mkalimani. Kiswahili angekianza sawasawa shuleni, na shule hajaifikia. Muuguzi anapomwambia asiogope, huenda asiielewe hata sentensi hiyo.

Ni kwa mtoto wa namna hii ambapo jambo linaloonekana dogo, yaani zawadi iliyotengenezwa kwa mikono, hupata uzito wake. Mwanasesere wa kitenge hahitaji mkalimani. Kofia ya kufuma humsitiri mtoto ambaye dawa zimempukutisha nywele. Uzi wa shanga humhesabia siku alizovumilia. Lakini zawadi nyingi zinazopelekwa hospitalini hutolewa kwa kumfikiria zaidi mtoaji kuliko mpokeaji, na ndiyo maana suala hili linastahili kutazamwa kwa makini kuliko inavyofanyika kila ifikapo Februari 15, Siku ya Kimataifa ya Saratani ya Watoto iliyoanza kuadhimishwa mwaka 2002.

Manyovu ni mji mdogo wa mpakani katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Kwa miaka mingi ulikuwa sehemu ya Wilaya ya Kasulu, hadi mwaka 2012 ilipoanzishwa Wilaya ya Buhigwe. Ni nchi ya vilima, migomba, kahawa na maharage, ambako asubuhi za Juni na Julai mtu hutafuta koti. Kigoma mjini ni mwendo wa kilomita takriban 60. Kutoka hapo hadi Dar es Salaam, reli ya kati iliyofika ziwani mwaka 1914 ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,200.

Hospitali zilizo karibu zipo. Heri ya Waadventista Wasabato imewahudumia watu wa vilima hivyo kwa miongo mingi, Kabanga iko upande wa Kasulu, na Maweni ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa. Kazi yao ni kumtambua mtoto mapema na kumpeleka mbele. Tiba yenyewe ya saratani kwa watoto iko mbali: Bugando jijini Mwanza, inayohudumia kanda ya ziwa na magharibi, au Muhimbili jijini Dar es Salaam.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watoto na vijana wapatao 400,000 wenye umri wa chini ya miaka 20 hupata saratani kila mwaka duniani. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona. Katika nchi nyingi maskini na zile za kipato cha kati wanaopona hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo lilitangaza mpango wa kimataifa wenye lengo la kufikisha uponaji wa angalau asilimia 60 ifikapo mwaka 2030.

Tofauti hiyo haitokani na ugonjwa kuwa mkali zaidi Afrika. Saratani ya damu, ya figo, ya jicho na ya tezi kwa watoto ni miongoni mwa saratani zinazotibika vizuri kuliko nyingi za watu wazima. Kinachowaua watoto wengi katika nchi kama Tanzania ni kuchelewa kufika, dawa kukosekana, na jambo la tatu ambalo halizungumzwi vya kutosha: wazazi kuondoka na mtoto kabla tiba haijakamilika.

Afrika Mashariki inayo historia yake katika tiba hii. Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Mulago nchini Uganda, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya uliokuwa ukiwashambulia watoto, ambao leo hujulikana kwa jina lake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari maili zipatazo 10,000 wakiulizia ugonjwa huo hospitali kwa hospitali. Waligundua kwamba ulifuata joto na mvua, na kwamba haukuonekana kwa urahisi katika nyanda zilizo juu ya mita 1,500 hivi. Baadaye ilifahamika kuwa malaria kali, pamoja na virusi vilivyogunduliwa mwaka 1964, ndivyo vinavyoandaa njia ya ugonjwa huo.

Kwa ramani hiyo, vilima vya Manyovu viko upande wenye nafuu kuliko mabonde ya Kibondo na mwambao wa Ziwa Tanganyika. Nafuu hiyo isimdanganye mtu. Saratani ya damu haijali mwinuko. Weupe unaong'aa ndani ya mboni ya jicho la mtoto, ambao ni dalili ya saratani ya jicho, au tumbo linalovimba upande mmoja kwa sababu ya figo, vinaweza kumpata mtoto wa kilimani sawasawa na wa bondeni.

Burkitt alionyesha jambo lingine lenye manufaa zaidi. Dawa chache, zikitolewa kwa wakati, ziliweza kuuyeyusha uvimbe ambao upasuaji ulikuwa umeshindwa. Saratani hiyo hutibiwa kwa miezi michache. Saratani ya damu iliyo ya kawaida kwa watoto huchukua miaka miwili hadi mitatu, mara nyingi kwa kwenda na kurudi baada ya miezi ya kwanza ya kulazwa.

Miaka miwili hadi mitatu ni muda mrefu kwa mama aliyeacha shamba la maharage na watoto wengine nyumbani. Baada ya wiki chache uvimbe hupungua, homa huisha, mtoto hucheza. Mama humtazama akaona amepona. Daktari anajua kwamba chembe zilizobaki zitarudi zikiwa sugu, lakini mama anasikia simu ya nyumbani ikimwambia kuwa mvua zimeanza. Hapo ndipo watoto wengi hupotea.

Eldoret nchini Kenya, uchunguzi uliohusu watoto waliogunduliwa kuwa na saratani kati ya mwaka 2007 na 2009 katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi ulionyesha kuwa zaidi ya nusu yao waliacha tiba njiani. Waliokuwa na bima ya afya walikuwa na hali bora. Blantyre nchini Malawi, hospitali ya Queen Elizabeth ilipoanza kuwasaidia wazazi nauli na chakula, wengi zaidi walibaki hadi mwisho. Hakuna mwanasesere aliyeleta matokeo hayo. Yaliletwa na fedha.

Je, hiyo ina maana kwamba zawadi za mikono ni mchezo wa watu wenye nafasi? Hapana. Ina maana kwamba zawadi lazima ipimwe kwa swali moja: inamsaidiaje mtoto na mzazi wake kufika mwisho wa tiba? Nauli humleta mama hospitalini. Haimshawishi mtoto wa miaka minne kulala kimya achomwe sindano ya uti wa mgongo kwa mara ya sita. Mtoto anayepiga kelele na kuomba kwao usiku na mchana ni sababu mojawapo ya mama kufunga mzigo, hata kama haiandikwi katika takwimu za nauli na bima.

Mfano unaostahili kutazamwa ulianzia Arizona, Marekani, mwaka 2004. Muuguzi Jean Baruch alibuni mpango uitwao Beads of Courage, ambamo mtoto hupewa ushanga kwa kila hatua ya matibabu: mweusi kwa kila kuchomwa sindano, mweupe kwa kila mzunguko wa dawa, wa manjano kwa kila usiku wa kulala wodini, wa kahawia nywele zinapong'oka. Wa zambarau huja tiba inapokamilika. Nyingi ya shanga maalumu zinazotolewa humo hutengenezwa kwa mkono na mafundi wa vioo wanaojitolea. Uholanzi na Ujerumani nako chama cha wazazi na mfuko wa watoto wenye saratani vimeendesha mipango ya aina hiyo.

Thamani ya uzi huo kwa mtoto wa Chicago ni kumbukumbu na fahari. Kwa familia ya Manyovu ungekuwa na kazi ya ziada. Mama asiyejua kusoma hawezi kuifuatilia kadi ya kliniki iliyoandikwa kwa maneno ya kitabibu, ila hesabu ya shanga anaiweza. Akiambiwa tangu siku ya kwanza kwamba uzi unapaswa kufika shanga nyeupe kadhaa, na akaona ni chache tu zilizokwishatungwa, atajua kwa macho yake kuwa mtoto aliyeacha homa bado hajafika nusu ya safari. Baba aliyebaki kijijini naye ataonyeshwa kitu cha kushika, badala ya kuambiwa tu kwamba madaktari wamesema warudi.

Shanga si kitu kigeni kwa Afrika Mashariki. Zilifika pwani kwa majahazi na kupanda bara kwa njia ya misafara iliyoishia Ujiji, kilomita chache kutoka Kigoma mjini ya leo, ambako katika karne ya 19 zilitumika hata kama fedha sokoni. Kugeuza shanga kuwa hesabu ya tiba katika mkoa huo huo si wazo la kuazima sana.

Pamoja na hayo, ipo hatari ambayo wafadhili wengi hawaifikirii. Dawa za saratani hushusha kinga ya mwili hadi kiwango ambacho kijidudu cha kawaida kinaweza kuua. Mwaka 1998 madaktari wa Melbourne, Australia, walichapisha taarifa ya mlipuko wa bakteria sugu katika wodi ya watoto wenye saratani, uliohusishwa na vifaa vya kuchezea majini vilivyokuwa bafuni. Vifaa hivyo vilikuwa vikihifadhi maji ndani.

Mwanasesere aliyejazwa sufi au pamba, akilowa na kuachwa kwenye kona yenye unyevu, hana tofauti kubwa na kifaa hicho. Mwaka 2013 kina mama wa Denmark walianza kuwafumia watoto njiti pweza wadogo wa nyuzi, na mpango huo ulilazimika kuweka masharti makali: uzi uwe wa pamba tupu, mikono ya pweza isizidi sentimita 22, na kitu chote kiweze kufuliwa kwa nyuzi joto 60. Masharti ya namna hiyo ndiyo yanayotofautisha zawadi na mzigo.

Kwa wodi za Tanzania yanaweza kutafsirika kwa urahisi. Zawadi iwe mpya, wala si ya mitumba. Macho ya mwanasesere yadariziwe kwa uzi, yasiwe vifungo vinavyoweza kung'olewa na kumezwa. Kijazio kiwe kidogo ili akauke upesi juani. Shanga zisiachwe mikononi mwa mtoto wa chini ya miaka mitatu; mama ndiye atunze uzi. Mwanasesere awe wa mtoto mmoja, asizungushwe kitanda kwa kitanda. Na kila kitu kipitie mikononi mwa muuguzi mkuu wa wodi kabla hakijamfikia mtoto, hata kama mtoaji ana haraka ya kurudi kazini.

Suala la kofia nalo lina kichekesho chake. Kofia nzito za sufu zinazofumwa Ulaya kwa upendo mkubwa hufaa kwa majira ya baridi ya huko. Katika joto la Dar es Salaam la Januari na Februari, kofia hiyo ni adhabu. Mtoto atahitaji kofia nyepesi ya kitambaa cha pamba akiwa wodini, na ile ya kufuma atakaporudi kwenye ubaridi wa vilimani. Fundi cherehani wa Manyovu anayejua hali zote mbili anaweza kushona inayofaa kuliko mfadhili wa mbali, tena kwa vipande vya vitenge vinavyobaki chini ya meza yake. Mkoa wa Kigoma haujawahi kupungukiwa vitenge.

Kwamba mikono ya watu wa huku inaweza kazi hiyo si jambo la kubahatisha. Kampuni ya kijamii ya WomenCraft, yenye makao Ngara, imewaunganisha wanawake wa Kitanzania na wakimbizi wa Burundi katika kusuka vikapu vinavyouzwa nje ya nchi, na imeshiriki katika mpango wa MADE51 ulioanzishwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi mwaka 2018. Mikono iliyoweza kutimiza vipimo vya mnunuzi wa ughaibuni haishindwi na vipimo vya muuguzi wa Bugando.

Tena ipo mikono mingine isiyokumbukwa, nayo ni ya kina mama wenyewe wanaouguza. Mama huyu hukaa wodini majuma na miezi, mtu aliyezoea kuamka alfajiri na jembe. Kumpa nyuzi, kitambaa na sindano ni kumpa shughuli, na kama kazi yake itanunuliwa, ni kumpa pia senti za kutuma nyumbani. Zawadi ambayo mtoto ameiona ikitokea kidogo kidogo mikononi mwa mama yake ina uzito ambao duka haliuzi. Hospitali isiyo na nafasi ya kuhifadhi vifaa inaweza kuona hilo kama usumbufu, na pengine ni kweli, lakini ni usumbufu unaolipa.

Msingi wa kuanzia upo. Huduma ya saratani za watoto, iliyokuwa ikitolewa katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, ilihamishiwa Muhimbili mwaka 2011. Shirika la Tumaini la Maisha, linaloongozwa na daktari Trish Scanlan kutoka Ireland, limekuwa likishirikiana na hospitali hiyo ili familia zisilipie tiba, huku likitoa malazi, chakula, michezo na masomo kwa watoto waliolazwa. Ushirikiano huo umepanuka hadi hospitali nyingine za kanda, Bugando ikiwemo. Sera ya taifa ya msamaha wa uchangiaji nayo inawagusa watoto wote wa chini ya miaka mitano.

Kwa hiyo, gharama inayobaki mabegani mwa familia ya Manyovu si ya dawa hasa. Ni ya njia, na ya muda. Njia imeanza kuwa rahisi. Barabara ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, yenye kilomita 260, iliingizwa katika mradi wa lami ambao Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha zake mwaka 2018. Daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita 3, lililozinduliwa Juni 19, 2025, limeondoa foleni ya kivuko kwa wanaoingia Mwanza kupitia Geita. Mama aliyekuwa akisubiri feri na mtoto mwenye homa mgongoni sasa anavuka kwa dakika chache.

Nauli, hata hivyo, haikushuka kwa sababu daraja limefunguliwa. Hapa ndipo wazo la zawadi za mikono linaweza kuunganishwa na hitaji lenyewe. Wapo Wakanada waliolifanya hilo kwa namna yao. Baada ya mwanajeshi wao Mark Isfeld kuuawa akitegua mabomu nchini Croatia mwaka 1994, wanasesere wadogo ambao mama yake alikuwa akimfumia ili awagawie watoto wa huko walianza kufumwa na maelfu ya watu. Shirika la ICROSS Canada likawatumia kama vizibio ndani ya masanduku ya dawa yaliyoletwa Afrika, badala ya karatasi za kutupwa. Kila chupa ilifika ikiwa imezungukwa na wanasesere.

Kanuni hiyo inafaa kuigwa: mwanasesere asisafiri peke yake. Kikundi cha kushona cha Manyovu, Kasulu au Kibondo, kiwe cha kanisa, cha msikiti au cha kuweka na kukopa, kinaweza kushona mifuko midogo ya kitenge yenye kofia, mwanasesere mmoja na uzi wa kutungia shanga, na ndani ya mfuko huo ikawekwa nauli ya safari ya pili. Si ya kwanza. Kwa safari ya kwanza ukoo huchanga, mbuzi huuzwa, mchungaji hutangaza. Ya pili na ya tatu, mtoto akiwa ameshaonekana mzima, ndizo zinazokosa mchango.

Kwa wasomaji wa mijini wanaotaka kusaidia, lipo pia suala la kamera. Picha ya mtoto asiye na nywele akiwa amekumbatia zawadi, ikirushwa mitandaoni pamoja na jina la kampuni iliyotoa, imekuwa jambo la kawaida mno. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na mtoto hana uwezo wa kuridhia. Mama aliyetoka Manyovu, ambaye mtoto wake ametibiwa na kupewa kitanda bila malipo, hujiona hana nafasi ya kukataa. Ridhaa ya namna hiyo ni dhaifu.

Wodi hizo hujaa wageni Februari, Desemba na katika siku za sikukuu. Mwezi wa Mei au Julai hakuna anayebisha hodi, ilhali mzunguko wa dawa haufuati kalenda ya sikukuu. Kikundi kinachoshona mifuko mitano kila mwezi kwa mwaka mzima kitakuwa kimesaidia kuliko lori moja la vibonzo vya dukani linaloshushwa siku moja.

Yapo mambo ya kukubaliana kabla uzi haujakatwa. Bugando au Muhimbili waseme rangi ipi ya ushanga iwakilishe hatua ipi, ili mtoto akihamishwa kutoka moja kwenda nyingine uzi wake usomeke. Wauguzi wa Heri na Kabanga waelezwe maana yake, ili mtoto mwenye uzi usiokamilika akionekana kliniki kwa kikohozi, aulizwe tarehe yake ya kurudi Mwanza. Na ajulikane mtu mmoja wa kupokea mifuko na kutunza hesabu ya nauli zilizomo, kwa kuwa fedha iliyoshonewa ndani ya kitenge hupotea kwa urahisi kuliko kitenge chenyewe.